Saratani ya puru: wagonjwa 12, dawa moja, na kipimo kilichotangulia

Juni 2022, kwenye mkutano mkuu wa madaktari wa saratani uliofanyika Chicago, Dkt. Andrea Cercek wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York alieleza habari za wagonjwa 12. Wote walikuwa na saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, pale choo kinapokaa kabla ya kutoka. Uvimbe ulikuwa umefika hatua ya 2 au ya 3, na kwa walio wengi ulishaingia kwenye tezi za limfu za jirani. Walipewa dawa moja tu, dostarlimab, miligramu 500 kwa dripu kila baada ya wiki tatu, kwa muda wa miezi sita. Walipomaliza, uvimbe haukuonekana tena. Kamera haikuuona, picha za MRI hazikuuona, picha za PET hazikuuona, kidole cha daktari hakikuugusa, na vinyama vilivyochukuliwa mahali ulipokuwa havikuwa na seli za saratani. Hakuna kati yao aliyepigwa mionzi, aliyepewa kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), wala aliyepasuliwa.

Habari ilisambaa dunia nzima. Kwetu pia ilizunguka kwenye simu, ikiwa na jina la dawa lakini bila lile lililokuwa muhimu kuliko yote: wagonjwa hao walichaguliwa kwa aina ya uvimbe wao. Aina hiyo hupatikana kwa wagonjwa kama 5 hadi 10 tu katika kila 100 wenye saratani ya puru. Dawa hiyohiyo ingetolewa kwa wagonjwa 12 waliofuatana tu kwenye foleni ya kliniki, huenda isingefuta uvimbe wa hata mmoja wao. Kwa hiyo kisa hiki nakisoma kama kisa cha kipimo kwanza, na cha dawa baadaye.

Tuanze na kile walichoepushwa. Tiba ya kawaida ya saratani ya puru iliyofika hatua hiyo ni nzito. Mgonjwa hupigwa mionzi ya nyonga kwa wiki tano na zaidi huku akimeza au kudungwa dawa ya kemo, kisha hupumzishwa, kisha puru yote hutolewa pamoja na mafuta yanayoizunguka. Upasuaji huo wa kufuata ganda la mafuta bila kulichana ulienezwa na Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, kuanzia mwaka 1982, na umeokoa maisha ya watu wengi mno. Mwaka 2004 jaribio kubwa la Ujerumani lilionyesha kwamba mionzi na kemo vikitangulia upasuaji, saratani hurudi nyongani kwa asilimia 6 ya wagonjwa ndani ya miaka mitano, badala ya asilimia 13 vinapofuata baada yake. Haya ni mafanikio makubwa, na sitaki mtu ayadharau kwa sababu ya habari mpya.

Lakini gharama yake mwilini ni kubwa. Uvimbe ukiwa chini karibu na mkundu, mgonjwa anaweza kubaki na mfuko wa haja tumboni maisha yake yote. Hata anayeunganishwa utumbo, wengi huishi na haja zisizozuilika, wakati mwingine hata mara kumi kwa siku. Mionzi huua mayai ya mwanamke na kuharibu mji wa mimba; neva zikiguswa, mwanamume hupoteza nguvu na mkojo huleta shida. Umri wa kati wa wagonjwa wa New York ulikuwa miaka 54, na zaidi ya nusu walikuwa wanawake. Mama anayeambiwa haya akiwa bado anatarajia mtoto hasikii takwimu za miaka mitano. Anasikia mlango unafungwa.

Na baada ya mateso yote hayo, jibu la uvimbe hutofautiana mno. Mwaka 2021 majaribio mawili makubwa ya Ulaya, RAPIDO na PRODIGE 23, yalitoa matokeo ya kuongeza kemo kamili kabla ya upasuaji. Katika yote mawili, mpatholojia, yaani daktari anayechunguza vinyama kwa darubini, alipokata puru iliyotolewa hakukuta seli hata moja ya saratani kwa asilimia 28 ya wagonjwa, dhidi ya 14 na 12 kwa wale wa tiba ya zamani. Maana yake, kwa tiba kali kuliko zote za wakati huo, uvimbe ulitoweka kabisa kwa takribani mgonjwa mmoja katika wanne. Kwa waliobaki ulipungua tu, na kwa wachache ulikaidi. Kwa nini?

Sehemu ya jibu iko chini ya darubini. Saratani nyingi za puru ni za tezi, na seli zake hujipanga kuiga vijitezi vya utumbo wa kawaida. Ila takribani moja kati ya kumi hutoa ute mwingi. Ute ukijaza zaidi ya nusu ya uvimbe, mpatholojia huandika kwamba ni saratani ya ute. Aina hii kwa wastani hunywea kidogo kwa mionzi na kemo kuliko ile ya kawaida, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshasonga mbele. Nyingine ni adimu zaidi, kama moja katika mia. Seli zake hujaa ute ndani hadi kiini kinasukumwa pembeni, zikaonekana kama pete yenye muhuri. Hii ya pete ndiyo yenye sura mbaya kuliko zote: hupenya ukuta bila kutengeneza uvimbe mkubwa wa kuonekana, huchafua utando wa tumbo, na huwapata vijana kwa kiwango kinachotisha. Uhai wa wagonjwa wake ni mfupi kwa wazi kuliko wa wengine walio hatua ileile.

Hadi hapo mtu angedhani picha imekamilika: ute ni mbaya, pete ni mbaya zaidi, tezi za kawaida ni afadhali. Mimi naona hapo ndipo jina la darubini linapoweza kumpoteza daktari. Ndani ya kundi hilo la ute, na ndani ya zile saratani ambazo seli zake zimevurugika hazifanani tena na tezi, kumejificha kundi jingine ambalo darubini peke yake haiwezi kulithibitisha. Ni uvimbe uliopoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya DNA, na ndio waliokuwa nao wale wagonjwa 12.

Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake yote, na katika kunakili hukosea. Kuna protini nne zinazofanya kazi ya kukagua na kurekebisha: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Hufanya kazi wawiliwawili, MLH1 na PMS2, MSH2 na MSH6. Mojawapo ikikosekana, makosa hurundikana. Wanasayansi wa Johns Hopkins, Baltimore, walipohesabu mwaka 2015 walikuta wastani wa mabadiliko 1,782 katika kila uvimbe wa aina hii, dhidi ya 73 katika uvimbe ambao ukaguzi wake ni mzima. Makosa mengi hivyo huzaa protini za ajabu ambazo mwili haujawahi kuziona, na chembe za kinga huzitambua kama wageni. Ndiyo maana uvimbe huu ukitazamwa kwa darubini huonekana umezingirwa na kuvamiwa na chembe nyeupe za damu. Zimefika, lakini zimenyamazishwa: uvimbe hushika kipokezi kiitwacho PD-1 juu ya chembe hizo na kuziamuru zitulie. Dostarlimab ni kingamwili inayoziba PD-1 ili amri hiyo isifike.

Wazo hili lilianza kwa mgonjwa mmoja. Katika majaribio ya mwanzo ya dawa za kuzuia PD-1, kati ya wagonjwa 33 wa saratani ya utumbo mpana na puru, ni 1 tu aliyepata nafuu ya kupimika. Wengine wangeandika kwamba dawa haifai kwa utumbo na kufunga jalada. Watafiti wa Johns Hopkins, akiwamo Dkt. Luis Diaz ambaye baadaye alihamia New York, waliuliza huyo mmoja ana nini. Uvimbe wake ulikuwa na kasoro ya ukaguzi wa DNA. Wakapima dhana hiyo: kwa wagonjwa wa utumbo wenye kasoro hiyo uvimbe ulipungua kwa 4 kati ya 10, kwa wasio nayo, 0 kati ya 18. Kila ninaporudi kwenye hesabu hizo mbili, 4 kwa 10 na 0 kwa 18, naona jinsi wastani wa kundi mchanganyiko unavyoweza kumzika mtu ambaye angepona.

Kipande cha pili cha kisa ndicho kinachonigusa zaidi, na hakikutangazwa magazetini. Mwaka 2020 timu ya Cercek ilichapisha ilichokiona kwa wagonjwa wake wa puru wenye kasoro hiyo waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Waliopewa kemo ya FOLFOX kama tiba ya kuanzia walikuwa 21, na kwa 6 kati yao uvimbe ulikua wakiwa katikati ya dawa. Watafiti wakawalinganisha na wagonjwa 63 wanaofanana nao ila ukaguzi wao wa DNA ni mzima, na hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulikua. Walioanzia mionzi pamoja na kemo, kwa upande mwingine, walikuwa 16, na hakuna aliyezidiwa.

Tafakari hilo. Hospitali ileile, dawa ileile, hatua ya ugonjwa ileile, na kwa karibu theluthi moja ya kundi dogo miezi ya kwanza ya tiba iliwarudisha nyuma. Uvimbe ulipewa muda wa kusambaa huku mgonjwa akivumilia kichefuchefu na ganzi ya vidole akiamini anatibiwa. Hakuna daktari aliyezembea. Kila mtu alifuata mwongozo. Mwongozo wenyewe uliwahesabu wagonjwa wote wa puru kama watu wa ugonjwa mmoja.

Ndipo jaribio la dostarlimab likapangwa, na mpango wake ulikuwa wa uangalifu. Mgonjwa angepewa dawa miezi sita. Uvimbe ukibaki, angeendelea na mionzi na kemo, kisha upasuaji kama kawaida. Ukitoweka kabisa, angeachwa na kufuatiliwa kwa kamera na MRI. Kumwacha mgonjwa bila kumpasua hakukuzuliwa New York. Angelita Habr-Gama, daktari wa upasuaji wa São Paulo, Brazili, ndiye aliyethubutu kuwafuatilia tu wagonjwa ambao uvimbe wao ulitoweka kwa mionzi, akachapisha matokeo yake mwaka 2004 na kupingwa vikali na wenzake. Bila ukaidi wake, nadhani wagonjwa 12 wa kwanza wangepasuliwa tu, na mpatholojia angepokea puru 12 zisizo na kitu.

Hakuna aliyetarajia wote. Walikuwa wamefuatiliwa kati ya miezi 6 na 25 matokeo yalipotolewa, na hakuna ambaye saratani ilikuwa imerudi. Hakuna aliyepata madhara makali ya dawa. Mwaka 2025 timu hiyohiyo ilitoa hesabu kubwa zaidi: wagonjwa 49 wa puru waliomaliza dawa, na kwa wote 49 uvimbe ulitoweka, 37 walikuwa tayari wametimiza miezi 12 baada ya dawa hali ikiwa ileile.

Asilimia mia moja ni namba inayolevya, kwa hiyo nieleze mipaka yake. Kwanza, Guangzhou, China, dawa ya jamii hiyohiyo iitwayo sintilimab ilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina hiyo, na uvimbe ulitoweka kabisa kwa 12 kati ya 16. Hayo bado ni matokeo makubwa, ila si wote. Pili, hatua ya ugonjwa ina neno lake. Jaribio la KEYNOTE-177, lililotolewa mwaka 2020, liliwapima wagonjwa 307 wa utumbo mpana na puru wenye kasoro hiyohiyo, lakini saratani yao ilikuwa imeshasambaa mwilini. Dawa ya kuzuia PD-1 iitwayo pembrolizumab iliwapa muda wa kati wa miezi 16.5 kabla ya ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya 8.2 kwa kemo. Hata hivyo, kwa asilimia 29 ya waliopewa pembrolizumab ugonjwa ulisonga mbele tangu mwanzo bila kujali dawa. Kwa kemo walikuwa asilimia 12. Kwa hiyo aina ileile ya uvimbe, ikichelewa, haijibu kama ilivyojibu puruni.

Kuhusu urefu wa maisha, KEYNOTE-177 inafundisha jambo ambalo wasomaji wengi wa takwimu hulikosa. Tofauti ya uhai kati ya makundi mawili haikufikia kiwango cha kuitwa ya uhakika, na mtu angeweza kusema dawa haikurefusha maisha. Lakini asilimia 60 ya walioanza na kemo walihamia baadaye kwenye dawa za kuamsha kinga ya mwili, za jamii ya pembrolizumab. Kundi la kulinganishia nalo liliokolewa na dawa ileile, na sina kinyongo na hilo hata kidogo.

Turudi kwetu. Dostarlimab wakati wa habari zile iliripotiwa kuwa takribani dola 11,000 za Marekani kwa dozi moja, na miezi sita ni dozi tisa. Kwa familia ya Tanga au ya Kisumu hiyo si bei, ni ukuta. Kwa sababu hiyo nimesikia ikisemwa kwamba kupima kasoro ya DNA kwa mgonjwa wa hapa ni kupoteza fedha, kwa kuwa jibu halitabadilisha kitu. Sikubaliani, na data za wagonjwa wale 21 ndizo sababu. Mgonjwa mwenye kasoro hiyo asianzishiwe kemo peke yake ikiwa mashine ya mionzi ipo au upasuaji unawezekana. Uamuzi huo hauhitaji dostarlimab. Unahitaji kujua.

Na huenda wenye kujua hili kwa faida kubwa zaidi ni sisi. Mwaka 2021 watafiti wa Nigeria na wa Memorial Sloan Kettering walichapisha uchunguzi wa uvimbe wa utumbo mpana na puru wa wagonjwa wa Nigeria. Alama ya kasoro hii ilipatikana kwa asilimia 28.1, dhidi ya asilimia 14.2 katika hazina kubwa ya Marekani ya jenomu za saratani na 8.5 kwa wagonjwa wa hospitali hiyo ya New York. Nigeria si Tanzania wala Kenya, na namba hizo ni za utumbo wote, si za puru pekee. Lakini kliniki za Afrika Mashariki nazo hupokea vijana wengi wenye saratani ya utumbo, na ripoti zao mara nyingi hutaja ute au pete. Kijana mwenye uvimbe wa ute puruni ndiye hasa ambaye swali la kasoro ya ukaguzi linapaswa kuulizwa kwake mapema.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kinyama kilichochukuliwa wakati wa kupiga kamera hukatwa vipande vyembamba na kupakwa kingamwili nne zenye rangi, moja kwa kila protini. Kiini cha seli ya saratani kikishika rangi, protini ipo. Kikibaki bila rangi huku seli za kawaida za jirani zimeshika, protini imepotea. Hizo seli za jirani ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nazo zisiposhika rangi, kipimo kimeharibika, na kosa kwa kawaida liko mwanzo kabisa: kinyama kilikaa mezani kikikauka, kikawekwa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi vinyama) iliyochakaa, au kilikaa humo wiki nzima kikisubiri gari. Ripoti inayosema protini imepotea bila kutaja seli za jirani zilivyoonekana, mimi ningeomba irudiwe.

Wakati wa kupima nao una uzito. Mionzi na kemo vinaweza kufifisha rangi ya MSH6 kwenye uvimbe uliobaki, kwa hiyo kupima puru baada ya upasuaji kunaweza kudanganya. Kinyama cha kwanza, cha kabla ya tiba yoyote, ndicho cha kutumia. Kwa upande wa ute na pete mambo ni kinyume kidogo: kinyama kidogo cha kamera hakiwezi kueleza kama nusu ya uvimbe ni ute, kwa sababu kinagusa uso wake tu. MRI husaidia hapo, maana ute hung'aa sana kwenye picha zake.

Tena kuna ndugu. Kwa wazee wenye saratani ya utumbo mpana, kasoro hii mara nyingi hutokea tu ndani ya uvimbe na haiendi kwa watoto. Puruni ni tofauti: katika wagonjwa wa New York waliopimwa jeni walizozaliwa nazo, wengi wao walikuwa na hali ya kurithi iitwayo sindromu ya Lynch. Kila mtoto na kila ndugu wa tumbo moja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na wanawake wenye nayo hukabiliwa pia na saratani ya mji wa mimba. Ndugu anayejulikana kuwa nayo hupigwa kamera ya utumbo kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na vinyama vinavyoota hukatwa kabla havijawa saratani. Kipimo kimoja kwa baba aliyelazwa kinaweza kuwa cha watoto sita walioko nyumbani, ambao hakuna anayewafikiria siku hiyo.

Kwa anayemuuguza mtu sasa hivi, ombi la kumpelekea daktari ni fupi: kabla kemo haijaanza, kinyama cha kwanza kipimwe zile protini nne za kurekebisha DNA (kwa kifupi MMR), na ripoti itaje kama uvimbe una ute au seli za pete. Hospitali uliyopo ikiwa haina kingamwili hizo, kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kinaweza kusafirishwa kwenda maabara kubwa zaidi bila kumkata mgonjwa tena. Vipande hivyo hudumu miaka mingi. Hata kwa mgonjwa aliyekwisha kufariki, kama alifariki kijana na kipande chake bado kiko maabara, ndugu zake wanaweza kuomba kipimwe.